Nani Amehesabiwa Kasongo na Kabambare?

Ugonjwa wa zinaa ukitajwa, watu huuliza uko kwa nani kabla ya kuuliza unatibiwa wapi. Kusini mwa mkoa wa Maniema, mashariki mwa Kongo, majibu hayakosekani. Ni wa wachimba dhahabu wa Salamabila. Ni wa askari. Ni wa wanawake wa baa. Ni wa wakimbizi waliotoka upande wa Fizi. Ni wa mjini Kasongo kama anayejibu anaishi kijijini, na ni wa vijijini kama anayejibu anaishi mjini. Kila jibu humtwika mtu mwingine. Na siku ikitokea tarakimu, iwe ya wizara, ya mradi au ya redio, hupokewa kama hukumu iliyosomwa mahakamani: hawa wameharibika, wale wamesalimika. Naamini usomaji huo una kasoro tangu mzizi, na kasoro hiyo inagharimu maisha ya watu. Wingi wa ugonjwa wa zinaa katika jamii hutegemea tabia za watu wake kwa kiasi kidogo kuliko tunavyodhani, na kwa kiasi kikubwa hutegemea muda ambao ugonjwa unakaa mwilini bila kutibiwa. Muda huo unaamuliwa na umbali wa kituo cha afya, bei ya fishi (kadi ya matibabu), kuwepo kwa dawa kwenye kabati, na uhakika wa mgonjwa kwamba siri yake haitafika sokoni kabla yake. Hayo yote yanaweza kubadilishwa Kasongo na Kabambare kabla watu hawajawa malaika.

Tuangalie kwanza jinsi tarakimu zinavyotofautiana. Uchunguzi wa afya ya kaya uliofanyika Kongo nzima mwaka 2013 na 2014 ulikuta virusi vya UKIMWI, au sida kama wengi tunavyoiita, kwa asilimia 1.2 ya watu wa miaka 15 hadi 49: wanawake asilimia 1.6, wanaume asilimia 0.6. Tanzania, uchunguzi wa 2016 hadi 2017 ulipata asilimia 11.4 ya watu wazima mkoani Njombe na asilimia 0.3 mkoani Lindi. Kenya mwaka 2018 wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.9, huku kaunti ya Homa Bay peke yake ikiwa na 19.6. Mtu wa Lindi akiambiwa wastani wa Tanzania hajaambiwa lolote kuhusu kwao, wala mtu wa Njombe. Na ukishuka chini zaidi ya mkoa, tofauti haziishi. Watafiti wa Rakai, kusini mwa Uganda, walipogawa jamii walizozifuatilia kwa aina ya makazi, katika matokeo waliyochapisha mwaka 2016, walikuta kiwango cha kati cha virusi vya UKIMWI ni asilimia 14 katika vijiji vya wakulima, 17 katika vituo vya biashara, na 42 katika mialo ya wavuvi wa Ziwa Victoria. Hao ni majirani, wanaokutana gulioni na kuoana. Anayetaka kujua hali ya Kabambare kwa kusoma wastani wa Kongo anajidanganya, na anayetaka kujua hali ya kijiji cha kando ya mto Luama kwa kupima watu wa Salamabila anajidanganya vilevile.

Kila asilimia ina namba mbili ndani yake: waliokutwa na ugonjwa, na wote waliopimwa. Namba ya kwanza ndiyo inayotangazwa. Ya pili ndiyo inayobeba maana. Katika zone za afya za kusini mwa Maniema, kama vile Kasongo, Kunda, Samba, Kabambare, Lusangi na Saramabila (yaani Salamabila), wanaopimwa damu mara kwa mara ni wajawazito wanaokuja CPN (kliniki ya wajawazito), watu wanaochangia damu, na wagonjwa ambao hali yao imeshamtia muuguzi wasiwasi. Mwanamume mzima asiyeumwa kitu hana siku inayomkutanisha na kipimo. Msichana ambaye hajawahi kushika mimba naye hana. Mama anayejifungulia nyumbani kwa sababu mto umejaa hayumo. Kwa hiyo kusema “Kasongo ina asilimia fulani ya kaswende” kwa kawaida ni kusema kwamba wajawazito waliofika kwenye vituo fulani, katika miezi ambayo vipimo vilikuwepo, walikutwa na asilimia hiyo. Ni habari yenye thamani kubwa, ila ni habari ya watu hao tu.

Kasongo, kwa bahati nzuri, ina historia yake ya heshima katika suala hili la kuhesabu. Miaka ya 1970, madaktari wa Kongo na wa Chuo cha Tiba za Nchi za Joto cha Antwerp waliendesha hapo mradi uliokuja kujulikana duniani kwa jina la mji: mtandao wa vituo vya afya ambavyo kila kimoja kilikuwa na wananchi wake wanaojulikana. Utafiti wao kuhusu chanjo ya surua, uliochapishwa mwaka 1981 katika jarida la Lancet, uliuliza swali ambalo wengi walikuwa hawajaliuliza: mbali na watoto wangapi wameepuka surua, ni wangapi hasa wamebaki hai baada ya muda, ukilinganisha na wasiochanjwa? Kuuliza hivyo kuliwezekana kwa sababu watoto wote wa eneo walikuwa wanafuatiliwa, wagonjwa na wazima pamoja. Mbinu ile ya kumjua kila mtu wa eneo kabla ya kumhesabu mgonjwa ndiyo inayokosekana leo tunapozungumzia magonjwa ya zinaa, na inasikitisha kwamba imekosekana mahali palipoifundisha dunia.

Sasa nieleze kwa nini muda unabeba uzito mkubwa hivyo. Chukua vijiji viwili vya kubuni, kila kimoja na watu wazima 1,000, na kila kimoja kikipata watu 40 wapya wenye kisonono kwa mwaka. Tabia ni zile zile, idadi ya wapenzi ni ile ile. Katika kijiji cha kwanza mgonjwa anapata dawa ndani ya wiki moja. Katika cha pili anakaa miezi sita, akijaribu mizizi, akinunua vidonge viwili vya antibayotiki kwa mchuuzi, akiona aibu. Ukifika siku yoyote na kupima watu wote, kijiji cha kwanza utakikuta na mgonjwa mmoja au bila hata mmoja. Cha pili utakikuta na 20. Msomaji wa haraka atasema kijiji cha pili kimepotoka mara ishirini zaidi ya cha kwanza. Na huo ni mwanzo tu, kwa maana wagonjwa 20 wanaotembea na ugonjwa miezi sita wataambukiza wengi kuliko mmoja wa wiki moja, na mwaka wa pili maambukizi mapya hayatakuwa 40 tena.

Ongeza hapo kwamba magonjwa haya mengi hayana kelele. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 kulitokea maambukizi mapya milioni 374 ya magonjwa manne ya zinaa yanayotibika: trikomonasi milioni 156, klamidia 129, kisonono 82 na kaswende 7.1. Wanawake wengi wenye klamidia au kisonono hawasikii maumivu yoyote. Vituo visivyo na maabara hutibu kwa kufuata dalili, usaha au kidonda, na ni utaratibu wenye busara pale ambapo hakuna njia nyingine; lakini asiye na dalili hatibiwi na wala haandikwi. Kwa hiyo daftari la kituo linaweza kuonyesha wanaume wengi na wanawake wachache, na mtu akahitimisha kwamba ugonjwa uko kwa wanaume, wakati ukweli ni kwamba usaha wa mwanamume unaonekana na uvimbe wa mirija ya mwanamke hauonekani.

Kipimo chenyewe nacho kina mambo yake, na kaswende ni mfano mzuri. Kipimo cha haraka kinatafuta alama ambazo mwili ulijenga kupigana na kimelea. Alama hizo kwa wengi hubaki maisha yote hata baada ya kupona. Mwanamke aliyechomwa penisilini miaka kumi iliyopita na kupona kabisa anaweza kupimwa leo na mstari ukatokea. Kisha kuna buba, ugonjwa wa ngozi wa watoto ambao hauhusiani na ngono hata kidogo, lakini kimelea chake ni ndugu wa karibu wa kile cha kaswende, kiasi kwamba vipimo vya kawaida vya damu haviwezi kuwatofautisha. Misitu ya Kongo imekuwa na buba kwa vizazi vingi. Kampeni ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF kati ya 1952 na 1964 ilitibu watu milioni 50 katika nchi 46, ugonjwa ukapungua sana, lakini haukuisha. Kwa hiyo bibi wa miaka sabini akikutwa na damu inayosema “kaswende”, inawezekana kabisa damu hiyo inakumbuka vidonda vya utotoni. Kuushuku ujana wake ni kumdhulumu.

Hoja inayotolewa na wengi, na inayostahili jibu kamili, ni hii: bila ngono ugonjwa wa zinaa hausambai, kwa hiyo mwisho wa yote ni tabia. Sehemu ya kwanza ni kweli tupu. Kwa mtu mmoja mmoja, idadi ya wapenzi na matumizi ya kondomu ni mambo makubwa, na anayewaambia vijana wajihadhari anasema kweli. Ila swali letu ni jingine: kwa nini jamii hii ina ugonjwa mwingi kuliko ile? Mwaka 1997 na 1998 watafiti waliwauliza na kuwapima watu wa miji minne ya Afrika: Kisumu, Ndola, Cotonou na Yaoundé. Kisumu, asilimia 19.8 ya wanaume na 30.1 ya wanawake walikuwa na virusi vya UKIMWI, Ndola 23.2 na 31.9. Cotonou zilikuwa 3.3 na 3.4, na Yaoundé 4.1 na 7.8. Wengi wangebashiri kwamba watu wa Kisumu na Ndola wana wapenzi wengi zaidi. Haikuwa hivyo. Kubadilisha wapenzi, kuwa na wapenzi kadhaa kwa wakati mmoja, kwenda kwa wanaouza ngono: hakuna hata kimoja kilichokuwa cha kawaida zaidi katika miji yenye maambukizi mengi kuliko katika miji yenye machache. Kilichotofautiana zaidi ni tohara, ambayo karibu wanaume wote wa Cotonou na Yaoundé walikuwa nayo, na malengelenge ya sehemu za siri, ambayo yanaufungulia mlango ugonjwa mwingine.

Majaribio ya Orange Farm nchini Afrika Kusini, Kisumu na Rakai yaliyochapishwa kati ya 2005 na 2007 yalithibitisha kwamba tohara inapunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya UKIMWI kwa zaidi ya nusu. Kongo, karibu wanaume wote wametahiriwa, Waislamu, Wakristo na wengine, na Kasongo, ambako Uislamu umekaa tangu enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, haina tofauti. Sehemu ya uchache wa sida kwetu ukilinganisha na majirani wa mashariki na kusini inaelezwa na kisu cha ngariba. Hii haitupi haki ya kujisifu kwamba tuna maadili kuliko watu wa Homa Bay. Wala tohara haizuii kisonono, na haimkingi mwanamke moja kwa moja. Mwanamume aliyetahiriwa akiwa na virusi anaambukiza kama mwingine.

Na hata mahali pamoja, makundi hutofautiana kwa miaka mingi bila ugonjwa kumwagika pande zote. Damu iliyochukuliwa Yambuku, kaskazini mwa nchi, mwaka 1976 wakati wa mlipuko wa kwanza wa Ebola ilipopimwa baadaye, ilionyesha virusi vya UKIMWI kwa asilimia 0.8 ya watu wa vijijini. Miaka kumi baadaye, 1986, watu wa vijiji hivyo wakapimwa tena: 0.8. Katika muongo ule ule Kinshasa ilikuwa inazika vijana wake. Virusi vilevile, nchi ileile; lakini maisha ya kijijini, yaliyokuwa mbali na barabara kuu, hayakuvipa nafasi ya kuongezeka.

Hapo ndipo wengi huitaja migodi. Dhahabu ya Salamabila na Namoya imevuta vijana kutoka Maniema yote na Kivu ya Kusini, waume bila wake, fedha ya mkononi, pombe, wanawake wanaouza chakula na wengine wanaouza ngono kwa sababu chakula hakitoshi. Sikatai kwamba mahali pa namna hiyo ugonjwa huwa mwingi. Kamituga, mji mwingine wa dhahabu, Kivu ya Kusini, ulionyesha hayo mwishoni mwa 2023: aina mpya ya mpox iligunduliwa hapo ikisambaa kwa njia ya ngono miongoni mwa watu wazima, na kati ya wagonjwa waliochunguzwa kuanzia mwishoni mwa Septemba mwaka huo hadi Februari 2024, karibu watatu kati ya kumi walikuwa wakifanya biashara ya ngono. Mpox ileile ikifika kwenye nyumba yenye watoto husambaa kwa kugusana tu, bila ngono yoyote. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa.

Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba wachimbaji ndio wanaotuletea ugonjwa vijijini ni mruko mkubwa. Rakai walikuwa na dhana hiyo hiyo kuhusu wavuvi. Watafiti wakalinganisha vinasaba vya virusi vya watu wa ziwani na vya watu wa bara ili kujua vilielekea wapi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalipindua dhana: virusi vilikwenda zaidi kutoka bara kuelekea mialoni kuliko kutoka mialoni kurudi bara. Mialo ilikuwa inapokea. Mwanamke aliyeachwa, kijana aliyekosa shamba, mjane aliyenyang'anywa nyumba na mashemeji, ni watu wa namna hiyo wanaoweza kukimbilia ziwani, wengine wakiwa tayari na virusi. Sina sababu ya kudhani kwamba Salamabila hupokea watu wa aina nyingine. Na Rakai wana habari njema pia: dawa na tohara zilipopelekwa mialoni kwa nguvu, maambukizi mapya huko yalipungua kwa karibu nusu kati ya 2011 na 2017. Wavuvi walibaki wavuvi.

Vita navyo vinahitaji maneno ya uangalifu. Wanawake wa Kabambare wamebakwa na watu wenye silaha; Madaktari Wasio na Mipaka wamewahudumia manusura Salamabila. Anayebakwa anahitaji dawa za kuzuia virusi ndani ya saa 72, na saa hizo haziongezeki kwa sababu barabara ina matope. Hilo ni deni ambalo halipunguzwi na takwimu yoyote. Lakini je, vita vinaongeza sida katika jamii nzima? Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2007, yakijumuisha Kongo na nchi nyingine sita za Afrika zilizopigwa na vita, hayakukuta ushahidi kwamba vita viliongeza maambukizi kwa jumla, na kambi nyingi za wakimbizi zilikuwa na viwango vya chini kuliko wenyeji waliozizunguka. Upande mwingine, utafiti wa kandokando ya mto Kongo uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta asilimia 7.6 ya wanawake waliokimbia makwao wana virusi, dhidi ya 3.1 ya wanawake wakazi. Tafiti hizi mbili hazigombani. Vita hufunga barabara na kuwatenga watu, na hapo virusi hukosa njia. Vita hivyo hivyo humvua mwanamke mmoja mmoja kinga zake zote. Mkimbizi anayefika Kasongo kutoka upande wa Fizi anaweza kuwa mzima kuliko mwenyeji wake, au kinyume chake, na njia ya kujua ni kuwapima wote wawili kwa heshima moja.

Ushahidi ninaouona mzito kuliko wote ni wa zamani, na unatuhusu sisi wenyewe. Kati ya 1955 na 1957 serikali ya kikoloni ilifanya uchunguzi wa idadi ya watu Kongo nzima. Mtaalamu wa demografia Anatole Romaniuk, aliyechambua matokeo, alionyesha tofauti za ajabu: milima ya Kivu ilikuwa na uzazi wa juu sana, na huko Uele na Ekwateri wanawake wengi walifikia ukomo wa hedhi bila mtoto hata mmoja. Maniema, ingawa ilikuwa wilaya ndani ya jimbo la Kivu, ilikuwa chini ya ndugu zake wa milimani. Kwa miaka mingi maafisa wa kikoloni na wamisionari walikuwa wameueleza utasa huo kwa lugha ya hukumu: ndoa za wake wengi, dawa za kuharibu mimba, uchovu wa mbari. Maelezo yaliyokuja kushinda yalikuwa ya kitabibu. Kisonono kisichotibiwa huziba mirija ya mwanamke, na magonjwa hayo yalikuwa yamefuata njia za misafara, za wapagazi, za askari na za kambi za kazi, mahali ambapo hapakuwa na dawa yoyote iliyofanya kazi. Penisilini ilipoanza kufika baada ya Vita vya Pili vya Dunia, uzazi ukapanda. Romaniuk mwenyewe aliandika juu ya kupanda huko mwaka 1980, akieleza kwamba sehemu yake ilitokana na kufupishwa kwa muda wa kunyonyesha na sehemu nyingine na kupungua kwa utasa wa magonjwa. Mbari iliyodhaniwa imechoka ikazaa. Ni wangapi kati ya bibi zetu walioachwa au kuitwa wachawi kwa sababu ya ugonjwa ambao sindano ingeumaliza?

Mpinzani makini atanikumbusha kwamba kutibu magonjwa ya zinaa hakukufanya kazi kila mahali. Mwanza, nchini Tanzania, kati ya 1991 na 1994, vijiji ambavyo vituo vyake viliboreshewa matibabu ya magonjwa hayo vilipata maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko vijiji vya kulinganisha. Rakai, miaka michache baadaye, watu wote walipewa antibayotiki nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi kumi, na virusi vya UKIMWI havikupungua. Hoja ni ya haki. Lakini Rakai wakati ule ilikuwa na virusi vilivyokwisha kuenea sana, vikijisambaza bila kuhitaji vidonda vya ugonjwa mwingine. Mwanza ilikuwa mwanzoni mwa safari. Tena dawa inayokuja mara moja kila miezi kumi humwacha aliyeambukizwa wiki ya pili asubiri miezi tisa, na kituo chenye dawa kila siku hakimwachi. Maniema ya kusini, kwa kiwango cha sida cha Kongo, inafanana zaidi na Mwanza ile. Na hata kama sida isingepungua hata kidogo, kaswende iliyopona ni mtoto aliyezaliwa hai.

Nasema hivyo kwa kumaanisha. Mwanza hiyo hiyo, wajawazito wenye kaswende kali ambao hawakutibiwa walifuatiliwa, na robo yao walizaa watoto wafu. Watafiti walikadiria kwamba miongoni mwa wanawake wasiopimwa, nusu ya watoto wote waliozaliwa wafu walikufa kwa kaswende. Nusu. Kipimo kinahitaji tone la damu ya kidole na dakika 15 hadi 20. Vipo vinavyosoma kaswende na virusi vya UKIMWI kwenye kibanzi kimoja. Hakihitaji friji wala umeme. Dawa ni benzathini penisilini, unga ndani ya kichupa kidogo unaostahimili joto la kawaida la stoo, unayeyushwa kwa maji safi ya sindano na kuchomwa takoni. Sindano inauma, muuguzi amwambie mama mapema. Inatakiwa ichomwe angalau siku 30 kabla ya kujifungua, ndiyo maana mama anayekuja CPN mara ya kwanza akiwa na mimba ya miezi minane amechelewa, na mara nyingi amechelewa kwa sababu ya fedha ya fishi, shamba la mpunga na mume aliyesema haina haraka.

Wapo wanaosema kwamba kupima na kutangaza kutaliharibia jina eneo, na kwamba tarakimu ikipanda ni aibu. Kwa sida ni kinyume. Mtu anayemeza dawa kila siku anaishi miaka mingi na anaendelea kuhesabiwa; asiyepata dawa anakufa na kutoka kwenye hesabu. Kiwango kikipanda kwa sababu hiyo, ni watu ambao hawakuzikwa. Na utafiti uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kumwanzishia dawa mapema mwenye virusi kunapunguza kumwambukiza mwenzake kwa asilimia 96. Eneo lisilo na mgonjwa hata mmoja kwenye daftari, na lisilo na vipimo kwenye kabati, ndilo la kutia hofu.

Kwa hiyo namba ninazotamani kuziona zikibandikwa ukutani mwa kila kituo, kuanzia Samba penye stesheni hadi Lusangi, ni nne tu za kila mwezi: wajawazito wangapi wanakadiriwa kuwepo katika eneo la kituo, wangapi wamepimwa kaswende, wangapi wa waliokutwa nayo wamechomwa sindano siku hiyo hiyo, na waume wangapi wamekuja kuchomwa nao. Ya nne ndiyo itakayokuwa ndogo kuliko zote, kwa sababu mwanamke aliyetibiwa peke yake hurudi kwenye kitanda kilekile, na kwa sababu hakuna aliyewahi kumwekea mwanamume siku yake ya kituo. Jumamosi alasiri, mume akishatoka shamba au mgodini, mlango wa nyuma ukiwa wazi na muuguzi mwanamume akiwepo, ingekuwa mahali pa kuanzia.